Neno Lisilopinduka

Lali alikuja na punda wawili,
mmoja na kunjo kubwa la waya mweusi,
mwengine na ngazi.
Akatoboa ukuta aliojenga babu wa babu yangu,
unga wa matumbawe ukamwagikia zidaka
hadi ndani ya bakuli la Kichina.
"Samahani, Bi Somoe, nitapangusa,"
asipanguse.

Waya umetokea darini kwa Mwanakheri,
ukavuka wikio, ukashuka kiwandani kwangu,
ukaishia kwenye kisanduku cha taa nne za kijani
kinachobeba, asema Lali, simu, televisheni na mtandao,
vyote pamoja,
kama hamali mmoja kubebeshwa harusi na msiba.

"Umeme ukikatika?"
"Na simu itakatika."
"Ile ya zamani ilikuwa haikatiki."
"Ile ilikula umeme wa posta, Bi."

Ananambia mimi!
Mimi niliyekaa miaka kumi na tisa mbele ya ubao wa posta,
visikizio masikioni, waya mkono huu na mkono huu,
nikiunganisha Lamu na Mombasa, Lamu na Tanga,
mume na mke, mdeni na mdai.
Talaka nilizijua kabla kadhi hajazijua.
Nilijua nani alikopa mahari ya mwanawe, na kwa nani.
Nilijua jina alilolitaja Bwana Shekuwe kwa sauti ya chini
mkewe alipokuwa hospitali.
Tuliapishwa kwa msahafu,
lakini kiapo hakizibi masikio.
Nilijifundisha mwenyewe:
ukisikia halo mbili zimekutana,
chomoa sikio, tazama juu, hesabu boriti.
Posta ile ilikuwa na boriti thelathini na mbili.

"Na sasa nani anayechomoa sikio?"
Lali akacheka. "Hakuna mtu huko. Ni mashine tu."
"Na mashine ina boriti za kuhesabu?"
Akakunja ngazi yake.

Ijumaa ya pili nikainua mkono wa simu
nikamkuta Mwanakheri ndani yake:
"...nyumba nimeshaiuza, wanangu wasijue mpaka..."
Boriti ya kwanza. Ya pili.
Nilipofika ya tisa nilikuwa nimeshaweka chini.
Asubuhi aliniletea mahamri, yangali moto;
nikamuuliza habari ya mguu.
(Lali anasema hilo haliwezekani kabisa,
sauti hazikutani siku hizi.
Sawa.)

Jumatatu umeme ukakatika baada ya Isha.
Taa nne zikafa, moja, mbili, kisha zote.
Nilijua Malindi dada yangu amerudi kutoka kwa daktari.
Nilijua anapiga.
Nikakaa na kile kisanduku gizani
kama mtu aliyekaa na mgeni asiyejua lugha.
Juu ya kidaka ipo bado simu nyeusi ya zamani, waya umekatwa.
Nikaiinua. Kimya.
Lakini kimya chake nilikuwa nakijua.

Umeme ulirudi karibu na alfajiri.
Simu ikalia kabla taa ya nne haijawaka.

"Mbona hupokei?"
"Tulikuwa gizani."
"Kuna mtu kwenye laini?"
"Sijui. Zamani ningejua."

Basi akaingia kwenye kinyume,
ile lugha yetu ya usichana, ya juu ya dari,
tulipokuwa tukipindua maneno
mama asijue tumekula halua ya wageni.
Miaka arobaini hatujaisema.
"Gofi," alisema. Akameza mate.
"Limbi."

Aandike anayesikiliza: gofi, limbi.
Atafute kwenye kamusi.
Mimi nilishazigeuza, nilishaona figo, nilishaona mbili,
nilishakaa chini kwenye unga wa matumbawe
ambao Lali hakuupangusa.

Nikatafuta la kumjibu, nalo nilipindue.
Likaja moja tu,
ambalo ulianze mbele au nyuma haliwezi kujificha,
na nikalisema, asikie atakaye:

Dada.